Benedicte wa Nyumbani, Munirah wa Shuleni

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, msichana mmoja wa Kisenyi alibadilisha dini kwenye kona ya wauza matairi.

Hakuna aliyemwona. Wauza matairi walikuwa na kazi zao, na matairi yenyewe hayana tabia ya kuuliza maswali. Msichana huyo alitoka nyumbani akiitwa Benedicte Masika, binti wa Katembo na Julienne, Wakatoliki kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo. Akifika kwenye kona, aliivua rozari shingoni na kuitia mfukoni. Alitoa mtandio mweupe kwenye mkoba, akajifunga kichwa mpaka chini ya kidevu. Alipotokea upande wa pili wa matairi, jina lake lilikuwa Munirah.

Jioni alirudi kwa njia hiyohiyo, na mambo yote yalikwenda kinyumenyume.

Inapasa kusema kwa heshima zote kwamba mtandio wake ulikuwa mzuri kuliko mitandio yote ya darasa la saba. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kama ni kudanganya, Katembo alidanganya kwa pindo lililonyooka.

Jambo hili lilianza hivi.

Familia ya Katembo ilikimbia vita, ikafika Kampala, ikapanga chumba Kisenyi. Katembo alifungua kazi ya kushona barazani. Julienne aliuza sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mtoto wao alitakiwa kuingia darasa la tano. Shule ya serikali iliyokuwa karibu iliitwa Shule ya Msingi Nuru. Katembo alikwenda mpaka langoni, akasimama mbele ya kibao. Kibao kilikuwa na picha ya mwezi na nyota. Kilisema kwamba mwanzilishi wa shule ni jumuiya ya Waislamu.

Katembo alikitazama kibao. Kibao kilimtazama Katembo.

Alikumbuka siku yake mwenyewe ya kuandikishwa shule kule Butembo. Serikali ndiyo iliyomlipa mwalimu, lakini mkubwa wa shule alikuwa padri. Baba yake alimshika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akashika kadi ya ubatizo. Basi Katembo akajipigia hesabu. Shule ya padri inataka mtoto wa padri. Shule ya shehe inataka mtoto wa shehe.

Hakumuuliza mtu. Aliingia ofisini.

"Jina la mtoto?" karani aliuliza.

Katembo alitazama nje ya dirisha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni. Juu ya mlango wake pameandikwa MUNIRAH.

"Munirah," alisema Katembo.

"Dini?"

Katembo aliitazama saluni tena. Safari hii saluni haikumsaidia.

"Ile ya hapa," alisema.

Karani aliandika. Ndivyo Benedicte alivyosilimishwa na saluni ya wanawake, bila shehe wala shahidi, na bila hata kusukwa nywele.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetulia nyumbani kwao. Kila mtu aliyepiga hodi, Katembo aliruka. Kila mwalimu aliyepita sokoni, Julienne aliinama chini ya meza ya sombe. Benedicte naye alijifunza kuishi mara mbili. Mwaka wa darasa la saba, Ramadhani na Kwaresima zilianguka pamoja. Alifunga ya shule mchana, akafunga ya nyumbani jioni. Alikonda mpaka baba yake akapunguza sketi yake kiunoni.

Jumatano ya Majivu ilikuwa mbaya zaidi. Mama yake alimpeleka misa ya alfajiri, akapakwa majivu kwenye paji la uso. Hakukuwa na maji pale kwenye kona. Benedicte akauvuta mtandio mpaka juu ya nyusi. Mwalimu wa dini alimwona akafurahi sana. Alimsimamisha mbele ya darasa.

"Tazameni," alisema mwalimu. "Hivi ndivyo binti mwenye haya anavyojisitiri."

Benedicte aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, ili majivu yasianguke.

*

Mwalimu huyo wa dini aliitwa Jafar. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alifundisha dini ya Kiislamu na maarifa ya jamii. Jumatatu moja alirudisha karatasi za mtihani wa majaribio. Sehemu ya dini kwenye karatasi ilikuwa na pande mbili, maswali ya Ukristo na maswali ya Uislamu. Mwanafunzi alitakiwa kuchagua upande mmoja.

"Munirah Mrefu!" aliita.

Darasani kulikuwa na akina Munirah wawili. Huyu wa saluni alikuwa Mrefu. Munirah Mfupi alikuwa binti wa Mzee Zubairi, mwenye gereji. Mfupi alizaliwa na jina lake, akapewa kwa dua na kuchinjiwa mbuzi. Lakini alikuwa na aibu, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo mara nyingi walimu walimsahau.

"Naam, mwalimu," alijibu Benedicte.

"Umejibu pande zote mbili."

"Nilibakiwa na muda, mwalimu."

"Hapa umeandika nguzo tano za Uislamu. Vizuri sana. Halafu hapa chini umeandika sakramenti saba."

"Si ziko saba, mwalimu?"

"Mimi nitajuaje? Nimekwenda kumuuliza mwalimu mkuu. Anasema ziko saba na umezipanga kwa utaratibu wake." Darasa lilicheka. Mwalimu Jafar alirekebisha miwani. "Umezijulia wapi?"

"Kwa jirani, mwalimu."

"Jirani huyo anaongea sana. Kwenye mtihani wa taifa, chagua upande mmoja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa, habari mbili. Ya kwanza, Jumamosi ni siku ya wazazi. Wewe Munirah Mrefu utasoma Kurani mbele ya wageni."

Benedicte aliulegeza mtandio chini ya kidevu.

"Ya pili, Ijumaa majina ya watahiniwa yanapelekwa baraza la mitihani. Kila mtu ahakikishe jina lake. Jina litakalopelekwa ndilo litakalokaa kwenye cheti. Na cheti hakibadilishwi kama shati."

Munirah Mfupi aligeuka. "Hongera," alimnong'oneza Benedicte. Alisema kwa moyo mweupe, na hilo lilimuumiza Benedicte kuliko kama angemtukana.

*

"Baba," Benedicte alisema jioni ile, "Ijumaa nakuwa Munirah kabisa."

Katembo aliendelea kukanyaga cherehani. "Si unaitwa hivyo tangu darasa la tano?"

"Hilo lilikuwa jina la kuazima. Hili ni la cheti."

Mguu wa Katembo ulisimama. Julienne aliweka mchi chini.

"Eh, Baba Benedicte," alisema Julienne. "Kadi yetu ya wakimbizi inasema Benedicte Masika. Cheti kitasema Munirah. Akienda sekondari watamuuliza, hiki ni cha nani? Tutasemaje? Kwamba mtihani ulifanywa na saluni?"

"Tutaeleza."

"Tutaeleza nini? Sema sasa, nikusikie."

Katembo alisimama. Akakaa. Akatoka nje, akarudi, akatoka tena kuhakikisha kwamba hakuna mtu nje.

"Tukisema ukweli, watamfukuza," alisema. "Wiki hii hii! Atafanyia mtihani wapi? Kwenye kona ya matairi?"

"Baba, mwalimu mkuu ana rozari kwenye mkoba wake," alisema Benedicte. "Nilikwambia tangu mwaka juzi."

"Na mimi nilikwambia ni mtego."

"Mtego wa nini?"

"Wa kukamata Wakatoliki."

"Baba, Kampala imejaa Wakatoliki. Watatuweka wapi sote?"

"Usicheze na mambo mazito!" Katembo alikaa kwenye cherehani, akashona kwa hasira. Alikuwa anashona suruali ya mwendesha boda. Alipomaliza, miguu yote miwili ilikuwa imefungwa chini, imara kabisa, na mishono ilikuwa ya kupendeza.

*

Jumatano alikuja Mama Zubaida kuchukua gauni lake. Mama Zubaida alikuwa Mnubi. Babu wa babu yake aliletwa Uganda akiwa askari kutoka Sudani, na ukoo wake haujatoka tena. Aliishi vyumba viwili kutoka kwa Katembo. Alfajiri alikaanga gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, na mtaa mzima ulinunua. Zamani alikuwa mwalimu. Mwezi ule ule wazazi wa Shule ya Nuru walikuwa wamemchagua kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Wajukuu wake wawili walikuwa wanasoma darasa la kwanza.

"Fundi, hujambo? Gauni langu liko wapi? Jumapili nina harusi Bombo."

"Liko tayari, Mama Zubaida." Katembo alilitoa.

Mama Zubaida alijaribu kuingiza mkono. Mkono haukupita.

"Fundi, mkono huu umeushona ukafungwa."

"Samahani, mama! Nipe dakika moja tu nifumue."

"Umekuwaje siku hizi? Jana kijana wa boda amepita hapa na suruali yenye miguu ya kufungwa kama mfuko wa karanga. Unaumwa?"

"Sina ugonjwa, mama."

"Basi keti utulie. Kesho nina mkutano wa wazazi pale Nuru, nitachelewa kurudi. Watu wanagombana huko, bambi, inasikitisha. Mambo ya dini shuleni."

Mkasi ulianguka. Julienne alitoka chumbani akiwa na unga mikononi.

"Mama Zubaida," alisema Julienne, "wanafukuza watoto?"

"Watoto gani?"

"Wakristo."

"Nani kasema?"

Hapo Benedicte alitokea kona ya baraza, ametoka shule. Siku hiyo alikuwa na mawazo mengi, akasahau kusimama kwenye matairi. Alikuwa amevaa mtandio wake mweupe, umefungwa vizuri mpaka chini ya kidevu. Shingoni, juu ya mtandio, rozari ilikuwa inaning'inia. Alikuwa ameivaa njiani kwa mazoea.

Mama Zubaida alimtazama. Alitazama mtandio. Alitazama rozari. Alirudi kwenye mtandio.

"Binti," alisema polepole, "leo umeamua kuwa nani?"

Katembo aliokota mkasi. Kisha Julienne akaketi chini, akasema yote, tangu kibao mpaka saluni mpaka majivu. Alipofika kwenye majivu Mama Zubaida alifunika mdomo kwa mkono. Haikujulikana mara moja kama ni hasira au kicheko.

Ilikuwa hasira kwanza.

"Fundi, dini ya watu si koti la mvua. Huvai ukiona mawingu, ukavua jua likitoka. Sisi tunasali kwa kweli. Nanyi mnasali kwa kweli. Mtoto umemfundisha kuigiza mbele ya Mungu yuleyule mara mbili kwa siku."

"Ni kweli, mama," alisema Katembo. Macho yalikuwa chini.

"Nani alikwambia Nuru haipokei Wakristo?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu?"

"Kibao kiliniambia."

Sasa kicheko kilikuja. Mama Zubaida alicheka mpaka gauni likamteleza mikononi. Kisha alivuta kigoda, akakaa.

"Kale, haya, nisikilize. Wewe pia, binti. Kibao kinasema nani aliianzisha shule. Wazee wetu wa Kiislamu walitoa ardhi na matofali. Kwa hiyo jumuiya yao ina wajumbe kwenye kamati, na shule ina desturi zake. Ni haki yao, na heshima tunawapa. Lakini shule ni ya serikali pia. Walimu wanalipwa na serikali. Kila mtoto ana kiti pale. Mwislamu, Mkatoliki, Mlokole, yeyote. Bwaise kuna shule za serikali zilizoanzishwa na makanisa, na watoto wa Kiislamu wamejaa humo."

"Wanabadilishwa majina?" aliuliza Benedicte.

"Hapana. Katiba ya Uganda inasema nchi haina dini ya taifa. Inasema pia kila mtu ana haki ya kufuata dini yake. Shika yote mawili. Serikali haikulazimishi dini, na haikunyang'anyi uliyo nayo."

"Na mwalimu mkuu?" aliuliza Julienne.

"Mwalimu Aloyo? Ni Mkatoliki, anatoka Gulu. Hata rozari anayo kwenye mkoba."

Benedicte alimtazama baba yake. Hakusema kitu. Kutosema kwake kulisikika mpaka chumba cha tatu.

"Lakini mama, mtandio wasichana wote wanavaa," alisema Katembo. "Na somo la Kikristo halipo."

"Hapo umesema." Mama Zubaida aliacha kucheka. "Hilo ndilo tunalogombania kesho. Wapo wanaotaka liwe sheria kabisa. Wapo wanaotaka dini zote zitolewe nje ya lango. Wewe unakaa hapa unafunga miguu ya suruali, na wenzako wanaamua mambo ya mtoto wako. Mzazi akiwa na shaka anauliza. Anaanza kwa mwalimu mkuu. Akishindwa, anakwenda kwa kamati. Akishindwa huko, ofisi ya elimu ipo. Hapeleki saluni."

"Nikisema, watakasirika."

"Watakasirika, ndiyo. Mimi mwenyewe nimekasirika, na bado nipo hapa nasubiri gauni langu. Kesho saa nane. Njoo na kadi yenu ya wakimbizi."

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la saba, na wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na masikio. Ni vigumu kugombana kwa heshima ukiwa umekaa hivyo, lakini wazazi wa Nuru walijitahidi.

Mwalimu Aloyo alifungua. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha mpira uwanjani.

"Mzee Zubairi, toa hoja yako."

Mzee Zubairi alisimama. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya magari ambayo hayatoki kwa sabuni.

"Hoja yangu ni fupi. Babu yangu alibeba matofali ya darasa hili. Leo naona desturi zinapotea. Nataka iandikwe kuwa sheria. Kila msichana avae mtandio. Kila mtoto asome dini ya Kiislamu. Asiyetaka, shule ziko nyingi."

Watu walipiga makofi upande wa kulia. Upande wa kushoto alisimama Saverio, dereva wa lori.

"Na mimi hoja yangu ni fupi. Dini zote zitoke! Hakuna mtandio, hakuna sala, hakuna somo la dini. Hisabati haina Mungu."

"Hisabati yako ndiyo haina Mungu," alisema mtu nyuma. "Ndiyo maana unakosea nauli ya mizigo."

"Taratibu!" alisema Mwalimu Aloyo.

Mama Zubaida alinyoosha mkono. "Saverio, ukimvua binti wa Mzee Zubairi mtandio anaoupenda, atasoma kwa amani?"

"Atazoea."

"Na Mzee Zubairi, ukimvika binti wa Saverio mtandio asioutaka?"

"Atazoea."

"Naona mnaelewana vizuri sana," alisema Mama Zubaida. "Mnatofautiana tu mtoto wa kuzoea ni wa nani."

Kelele zilianza upya. Katembo alikuwa dawati la mwisho. Alisimama, akakaa. Alisimama tena, akajifanya ananyoosha mgongo. Julienne alikuwa amekaa pembeni yake, ameshika kadi ya wakimbizi kwa mikono miwili.

"Baba Benedicte," alinong'ona, "kesho ni Ijumaa."

Katembo alisimama mara hii na hakukaa.

"Mimi ni baba wa Munirah Mrefu," alisema.

Mwalimu Jafar alitabasamu. "Mwanafunzi wangu bora!"

"Mwalimu, nisamehe. Haitwi Munirah. Anaitwa Benedicte. Amebatizwa. Mimi ndiye niliyedanganya, si yeye. Niliona kibao nikaogopa. Nilidhani bila jina la Kiislamu hamtampa kiti."

Mwalimu Jafar alivua miwani, na uzi ukakatika.

"Amehifadhi sura kumi na mbili," alisema taratibu. "Nilimfundisha mimi."

"Najua, mwalimu. Anakupenda sana. Hilo hatukudanganya."

Mzee Zubairi alikuwa bado amesimama. Macho yake yaliwaka mekundu kama taa za breki.

"Fundi," alisema. "Huyu ndiye aliyechaguliwa kusoma Kurani Jumamosi? Binti yangu akaachwa?"

"Ndiye, mzee."

"Ramadhani alifunga?"

"Alifunga yote, mzee. Mpaka nikapunguza sketi."

"Kwa nini alifunga?"

"Kwa kuogopa."

"Kumwogopa Mungu?"

Katembo alitaka kusema uongo. Alikuwa na mazoezi ya kutosha. Lakini alikuwa amechoka.

"Hapana, mzee," alisema. "Kuwaogopa nyinyi."

Mzee Zubairi alitazama mikono yake yenye mafuta. Kisha alijikunja tena kwenye dawati la mtoto.

"Sikutaka hilo," alisema. "Nilitaka watoto wanaomcha Mungu. Nikiandika sheria ile, nitajaza darasa hili Waislamu wa saa mbili mpaka saa kumi. Jioni wanavua. Babu yangu hakubeba matofali kwa ajili hiyo." Alinyoosha mkono. "Mwalimu mkuu, naifuta hoja yangu."

Watu wote walimgeukia Saverio.

"Mnaniangalia nini?" alisema Saverio. Alijisogeza kwenye dawati. "Haya, na mimi yangu ifutwe. Lakini binti yangu asilazimishwe."

"Hatalazimishwa," alisema Mwalimu Aloyo, na wajumbe wa kamati waliafiki mmoja mmoja. Mtandio utavaliwa na anayeutaka, na hakuna atakayemcheka aliyevaa wala asiyevaa. Mwalimu Jafar ataendelea na somo lake. Saa hiyohiyo, watoto Wakristo watasoma dini yao kwenye chumba cha pili. Mwalimu atakuwa Aloyo mwenyewe, mpaka apatikane mwingine. Sala za Waislamu zitabaki na chumba chake na muda wake.

"Na mtoto wangu?" aliuliza Julienne. Alikuwa amesimama, ameinua kadi juu. "Anafukuzwa?"

"Anafukuzwa kwa kosa gani? La kujua dini mbili?" Mwalimu Aloyo alinyoosha mkono. "Lete kadi, mama. Karani yupo. Hatutaki mtihani wa saluni."

Julienne alimgeukia Mama Zubaida kwa mshangao. Mama Zubaida alikuwa anatazama dari. Maneno mazuri huzunguka haraka Kisenyi, hasa yakipitia kwa mtu anayeuza gurusa.

*

Jumamosi shule ilijaa. Benedicte alikuja kwa njia ya matairi, lakini hakusimama kwenye kona. Rozari ilikuwa shingoni. Kichwani hakuwa na kitu ila nywele, zilizosukwa jana yake. Zilisukwa ng'ambo ya barabara, kwenye saluni ya MUNIRAH. Mama yake aliona ni haki kwenda kushukuru.

Wanafunzi walimzunguka.

"Wewe, tukuite nani sasa?"

"Benedicte."

"Ni refu! Munirah Mrefu ilikuwa rahisi."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa jasusi?"

"Ndiyo. Niliiba sakramenti saba, nikawaletea nyinyi."

Lakini mbele ya Mwalimu Jafar hakuwa na mzaha. Alipiga goti kidogo kama mabinti wa Kampala wanavyosalimia wakubwa.

"Mwalimu, naomba unisamehe."

Mwalimu Jafar alikuwa amefunga miwani kwa uzi mpya. "Ule mtandio uliofika kwenye nyusi," alisema. "Ulikuwa majivu?"

"Majivu, mwalimu."

Alijaribu kukasirika. Hakufaulu. "Nenda ukakae mbele. Karibu na jukwaa."

Aliyesoma Kurani siku ile alikuwa Munirah Mfupi, ambaye sasa alikuwa Munirah tu. Alipanda jukwaani. Baba yake alikuwa mstari wa kwanza, amevaa kanzu, mikono ameificha. Msichana alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini safi, na watu walinyamaza ili waisikie. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema jambo lake mwenyewe.

Katikati ya sura alikwama.

Alitazama juu. Alitazama chini. Mzee Zubairi alifumba macho. Wageni walianza kukohoa, na kikohozi cha mgeni kina maana moja tu.

Kutoka mstari wa mbele, msichana mwenye rozari alisogeza midomo. Alinong'ona neno moja. Neno lilifika jukwaani. Munirah alilipokea, akaendelea, akamaliza bila kukwama tena.

Mzee Zubairi alifumbua macho. Hakutazama jukwaani. Alimtazama Benedicte, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayelipwa kitu alichodhani kimepotea.

Katembo aliona. Kwa mara ya kwanza tangu afike Kampala, alikaa kwenye kiti mpaka sherehe ikaisha.

*

Mambo mengine yalifuata polepole. Watoto wa Kikongo waliokuwa wanapelekwa shule za mbali waliandikishwa Nuru, kila mmoja kwa jina lake. Kina mama walikuja barazani kwa Katembo kuuliza, "Ni kweli kibao hakimfukuzi mtu?" Katembo aliacha cherehani, akawaeleza kuanzia mwanzo, akiwa mzito kama mwanasheria. Sehemu ya saluni aliiruka. Julienne aliiongeza.

Kijana wa boda aliletewa suruali mpya. Mama Zubaida alikwenda harusi Bombo kwa gauni lenye mikono miwili ya kupitisha mikono.

Na Novemba ilifika. Benedicte Masika alikaa kwenye dawati lake, jina lake likiwa juu ya karatasi, herufi zote zimetimia. Alifika sehemu ya dini. Maelekezo yalikuwa yaleyale: chagua upande mmoja. Alichagua wake, akajibu, akamaliza mapema.

Alibakiwa na muda.

Upande wa pili ulikuwa pale, na aliyajua majibu yote. Mkono ulimwasha. Aliyasoma maswali yale moja baada ya jingine, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani aliyemlea. Aliyasalimu kimoyomoyo. Kisha alifunika karatasi, akaweka kalamu chini, akatulia.